Nani Analegeza Bolti Zangu

Quitunda, 24 Novemba 2025

Chama chetu cha mashine kimenipa kaderno, yaani daftari. Dada Zubeida, mwenyekiti wetu, anataka kila siku niandike mashine ya kusaga imewaka saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imekunywa dizeli kiasi gani. Hayo nitayaandika kurasa za mbele. Huku nyuma naandika yangu, kwa sababu kuna jambo silipendi.

Leo asubuhi nimekuta bolti tatu za mfuniko wa pembeni wa injini zimelegea. Jana jioni nilizikaza zote nane, kwa mkono huuhuu uliokaza injini miaka kumi na tisa. Marehemu mume wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa akiwaambia watu kwamba spana ikiwa mkononi mwa Awa haihitaji kipimo. Bolti niliyoikaza mimi hailegei yenyewe. Kuna mkono wa mtu.

26 Novemba

Mashine imewaka vizuri. Hamna neno.

27 Novemba

Mbili zimelegea. Oili imechuruzika mpaka sakafuni, na mama mmoja aliyekuja na gunia la makopa ya muhogo ameteleza, akaangukia gunia lake. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Nimefanya tunavyofanya siku zote. Kati ya mfuniko na injini kunakaa junta, ile karatasi ngumu ya kuziba oili. Ya dukani iliisha zamani, kwa hiyo nakata mwenyewe kwa mkasi kutoka maboksi ya tambi. Ikivuja sitoi ya zamani, naongeza nyingine juu yake. Sasa ziko sita. Na chini ya kichwa cha kila bolti nimeweka washa ya pili na ya tatu, vile vipete vya chuma, ili ibane zaidi. Mafundi wote wa huku hufanya hivyo. Sasa atakayetaka kuzilegeza atapata kazi.

2 Desemba

Mvua ya kwanza. Imepiga bati tangu alfajiri, mpaka watu wanaongea kwa mikono.

Nyumba inayopakana na kibanda cha mashine wanakaa Leonel na dada yake Flávia. Ni watu wa bara, Wamakonde, Wakristo. Wametoka kijiji gani sijauliza. Leonel ana miaka kama thelathini. Alisomea ufundi mjini Pemba, akafanya kazi Afungi, kwenye kambi ya gesi ndani ya uzio, mpaka mkataba wake ulipoisha. Kila asubuhi anakuja kunizungushia hendeli ya injini kwa sababu bega langu la kulia limechoka. Hakuna aliyemtuma na hakuna anayemlipa, na mtu wa namna hiyo mimi humtazama mara mbili.

Leo aliinama akautazama mfuniko kitambo, akasema, "Mama Awa, parafuso hizi fupi. Nyuzi zinazoshika kwenye tundu ni chache."

"Ndizo bolti zilizokuja na injini, mwanangu. Aliyeitengeneza hakujua?"

"Alijua, mama. Lakini sasa..."

"Haya, zungusha."

Akazungusha. Mtu anayekodolea macho bolti za mwenzake ana lake jambo.

3 Desemba

Moja imelegea. Ileile ambayo Leonel aliikaribia kwa uso jana.

13 Desemba

Foleni ndefu. Katikati ya foleni dada Zubeida akasema kwa sauti, "Huyu Leonel ana akili ya mashine, eti. Tungekuwa naye tangu mwanzo." Wanawake wakacheka. Alikuwa anatania au hatanii, sijui.

Mashine hii ndiyo inayofanya niitwe fundi. Tulihamishwa kutoka vijiji mbalimbali kupisha mradi wa gesi, tukapewa nyumba za matofali zinazofanana, na jirani uliyepewa ndiye huyo. Baadaye vita ikaja, tukakimbia, tukarudi, na tangu turudi mtu akibisha mlangoni unamtazama mikono kabla ya uso. Chama kikimchukua Leonel, mimi nabaki mjane mwenye shamba linalotuama maji.

Kwa hiyo nauliza: mashine ikiharibika kila siku mikononi mwangu, nani anafaidika?

20 Desemba

Nimebadilisha kufuli la kibanda. Komeo nimeliacha, ingawa komeo hilo alilichomelea Leonel.

24 Desemba

Leonel na Flávia wamekwenda Palma kwa sikukuu yao. Wameniletea kuku nusu kabla ya kuondoka. Nimempa paka kipande, nikamtazama. Paka mzima. Nikala.

5 Januari 2026

Nne. Nne kati ya nane. Tumesimama tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na huu ni msimu wa njaa. Watu wanasaga kilo mbili mbili walizozipata kwa tabu. Mama mmoja amerudi na makopa yake kichwani kwenye mvua. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nishike spana.

Leonel akasema, "Mama, nikusaidie kuifungua yote, tuitazame?"

Nikasema hapana. Anataka aifungue mbele ya watu, halafu awe ndiye aliyeiponya.

8 Januari

Nimepata akili. Nimenunua rangi ya kucha nyekundu kwa Flávia, maana ndiyo biashara yake, pamoja na hina na pini za ushungi.

"Kuna harusi, mama?" akaniuliza.

"Ipo," nikasema.

Jioni, baada ya kukaza, nimechora kwenye kila bolti mstari mwembamba kutoka kichwani mpaka kwenye mfuniko. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika na nusu zake hazitakutana. Tuone sasa.

9 Januari

Nimefika kabla ya jua. Mistari yote minane mizima. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaweka spana, kuhakikisha tu. Ya tatu ikazunguka bure, haikazi wala hailegei. Ya sita nikaishika kwa vidole nikaivuta, ikaja.

Nikakaa juu ya gunia. Mstari mzima, na bolti haishiki. Inawezekanaje? Nimewaza mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria. Jibu ni moja tu. Mtu ameilegeza, kisha ameirudisha akapaka upya. Na rangi ileile, chupa kwa chupa, imejaa kwenye kapu nyumba ya jirani.

Mwili ulinisisimka, na niseme kweli, ulinisisimka kwa furaha pia. Nimemshika.

10 Januari

Alipokuja kuzungusha hendeli nimemtazama kucha. Safi kabisa. Amezisugua.

15 Januari

Mvua. Mbili.

22 Januari

Amekuja chefe wa mtaa wetu, Abdurrazaque, akakaa kwenye kiti changu akakunja mwavuli. Leonel ameomba declaração, ile karatasi ya mtaa inayosema huyu anaishi hapa na anajulikana. Bila hiyo, kule kambini Afungi hakuna anayekuandika. Wanatafuta fundi wa jenereta, mkataba wa miaka miwili, na orodha inafungwa tarehe 27 Februari. Sisi wa pwani chefe anatujua baba na babu, anagonga muhuri tu. Mtu wa bara anaulizwa kwa jirani.

"Jirani yake ni wewe," akasema. "Unamjua?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ni neno dogo. Nikasema, "Namwona. Kumjua simjui."

"Kuna jambo?"

"Mashine yangu inafunguliwa, chefe. Sijamkamata mtu. Lakini komeo alitengeneza yeye."

Hakuandika kitu. Alitikisa kichwa tu, akafungua mwavuli, akaenda.

23 Januari

Sikusema uongo. Nimeyarudia maneno yangu yote na hakuna la uongo hata moja.

30 Januari

Flávia ameniita ukutani. "Mama Awa, karatasi ya kaka haitoki. Kila akienda anaambiwa kesho. Ukimwona chefe, msemee neno."

"Mambo ya chefe ni ya chefe, mwanangu."

Akanipa pini mbili za ushungi, bure. Nimezichukua.

3 Februari

Leonel amekwenda Palma kutafuta kibarua wakati anasubiri. Nimezungusha hendeli mwenyewe. Bega linawaka moto, lakini moyo umetulia.

4 Februari

Hakuna bolti iliyolegea.

5 Februari

Hakuna. Nimemwambia dada Zubeida ajionee mwenyewe. Akaniuliza ajionee nini. Sikumwambia.

8 Februari

Tatu zimelegea na oili imejaa sakafuni.

Leonel yuko Palma. Kufuli zima. Nimemfikiria Flávia, lakini Flávia hawezi kushika spana namba kumi na tatu hata akipewa. Au anaweza? Au Leonel hurudi, akaondoka? Nimeuliza madereva wa pikipiki wawili kama wamemleta. Wa pili akaniuliza kama kijana huyo ana deni langu.

11 Februari

Nimekwenda Palma kwa Ossufo, muuza vyuma chakavu. Nimemwonyesha bolti yangu, nikamwambia nataka unene huohuo, ndefu zaidi. Aliyekaza kwa bolti ndefu, nani atamlegezea?

"Refu ndiyo bora, mama," akasema Ossufo. "Ikiingia sana inashika sana." Ametafuta kwenye madebe yake mpaka akapata nane. Zinazidi za zamani kwa upana wa kidole changu kidogo.

Sokoni nimemkuta Leonel anapakua saruji, mweupe kichwa kizima. Aliweka mfuko chini akaja kunisalimu. "Shikamoo mama. Mashine haijambo?" Mtu mwenye hatia huuliza hivyo, na asiye na hatia pia huuliza hivyo. Nikamwambia haijambo.

12 Februari

Zimeingia zote nane, na washa moja moja tu. Nimekaza mpaka spana ikagoma. Mkono wangu umeridhika.

19 Februari

Ramadhani imeingia. Kila nyumba inataka unga wa uji wa futari. Tumewaka tangu saa kumi na mbili asubuhi.

21 Februari

Hili silielewi. Bolti zote ngumu kama zimechomelewa, na oili inavuja kuliko zamani, mfuniko wote unatokwa jasho. Nimekaza tena. Hazisogei. Safari hii siwezi kusema kuna mtu amezigusa. Nimetafuta namna ya kusema hivyo na sijaipata.

27 Februari

Ijumaa. Orodha ya kambini imefungwa leo. Nimesikia kwenye foleni kwamba jina la Leonel halimo. Flávia hakufungua biashara.

3 Machi

Naandika usiku, baada ya futari.

Asubuhi mfuniko ulivuja mpaka nikaizima mashine katikati ya gunia la mtu. Nikaweka spana kwenye bolti ya tatu, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, mguu ukiwa ukutani. Ikalia tak. Nilidhani ni bolti imekatika. Nilipofuta oili nikaona ufa mweupe kwenye mwili wa injini, umeanzia kwenye tundu la bolti ukashuka urefu wa kidole. Hakuna aliyekuwa ndani ya kibanda ila mimi. Mlango niliufunga mwenyewe. Spana ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikaa hapo nikiwasikia wanawake nje wakiuliza. Kisha nikafanya nilichokikataa tangu Januari: nikafungua bolti zote, nikautoa mfuniko na kutazama ndani.

Matundu ya injini hii hayatokezi upande wa pili. Yana chini, na ndani ya lile tundu kulikuwa na oili. Nilichomoa kijiti cha ufagio wa makuti, nikakitumbukiza mpaka kikagota, nikakikata pale. Hicho ndicho kina cha tundu. Cha pili nikapima unene wa mfuniko, cha tatu unene wa maboksi yangu ya tambi yaliyogandamana. Nikavipanga kando ya bolti ya Ossufo. Ilikuwa ndefu kuliko vijiti vyote pamoja na washa yake, kwa kiasi cha ukucha. Ilikuwa inagota chini ya tundu kabla kichwa hakijaubana mfuniko. Mkono wangu ulihisi chini ya tundu ukadhani ni kukaza. Na oili iliyofungiwa mle ndani haikuwa na pa kwenda, ikapasua alumini ya injini.

Basi zile za zamani? Nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa nikiwa na nia ya kumwonyesha chefe. Nimezitoa. Kwenye ncha ya kila moja kuna vumbi jeupe la alumini limenasa kwenye nyuzi. Nimehesabu. Sita. Nyuzi sita tu ndizo zilizokuwa zimeshika, juu yake ni chuma kitupu cheusi. Nimepanga vijiti tena, na safari hii nikahesabu junta moja na washa moja, kama injini ilivyokuja. Bolti ileile inaingia kwenye alumini karibu mara mbili ya unene wake. Aliyeitengeneza alijua. Mimi ndiye niliyeitoa nje kidogo kidogo, boksi kwa boksi, washa kwa washa, mwaka baada ya mwaka, nikidhani nabana. Alumini ni laini. Nyuzi sita hazikuweza, zikang'oka pamoja na bolti. Ndiyo maana rangi haikukatika. Hakuna bolti iliyozungushwa. Zilivutika zikatoka, zimenyooka vilevile, na mstari wangu mwekundu juu yake.

Sasa ninalo jina la mtu aliyekuwa analegeza bolti zangu, na nimeshampa chefe jina jingine.

5 Machi

Nimeondoa maboksi yote. Junta moja nene ya kweli, nimeagiza Palma. Kwenye matundu yaliyopoteza nyuzi za juu nimeweka bolti zinazofika chini zaidi lakini hazigoti; kila moja nimeipima kwa kijiti chake, na tundu nimelikausha kwa kitambaa kwanza. Tundu lenye ufa nimeliziba kwa gundi ya chuma na kuliacha bila bolti. Mashine imewaka kwa bolti saba. Haivuji.

Nimemweleza dada Zubeida yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo watu walilala bila unga kwa ajili ya maboksi ya tambi," akasema. Nikasema ndiyo. Akasema chama kitakaa kuzungumza habari ya spana ibaki kwa nani. Nikasema sawa. Ilinichoma, lakini si hiyo iliyoninyima usingizi.

8 Machi

Nimekwenda kwa chefe. Nikamwambia nilikosea, hakuna aliyefungua mashine.

"Mbona sikuandika kitu?" akasema. "Nilisikia tu."

"Lakini karatasi haikutoka."

"Haikutoka." Alikuwa anasugua muhuri wake kwa kitambaa. "Orodha nyingine ni Juni. Akitaka, jirani aandike ushahidi kwa mkono wake, nami nitagonga. Usitie habari ya mashine, Awa. Utajiharibia jina."

Akanipa karatasi. Jina kamili la mwombaji. Jina la baba. Mahali alipozaliwa. Shahidi anamjua tangu lini, na kwa njia gani. Nikashika kalamu mbele yake na nikashindwa mstari wa kwanza. Nimemwandika mtu huyu tangu Novemba, nimemtazama mpaka kucha, na jina la baba yake silijui.

10 Machi

Leonel amerudi. Nimekwenda kwao mchana, nikabisha kwa mlango wa mbele, si ukutani. Flávia akanipa kiti. Nikasema kabla sijakaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nimesema la bolti, la rangi, la chefe. Flávia alisimama akaenda jikoni na hakurudi.

Leonel alivuta kiti akakaa mbele yangu. Mikono yake imechubuka kwa saruji.

"Rangi niliiona, mama," akasema. "Asubuhi ile, nilipokuja kuzungusha hendeli. Nikafikiri unapima. Nikamwambia Flávia, epá, huyu mama ni fundi kweli, sasa ataona mwenyewe kwamba parafuso hazizunguki. Nikasema nisiseme tena, nisimharibie."

Nililia, na sikuficha, na nilikuwa nimefunga, na sikujali.

Kisha nikatoa karatasi, nikamuuliza. Baba yake anaitwa Bernardino, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Amezaliwa Nangade. Nikaandika polepole, yeye akitaja herufi. Nikaandika na habari ya mashine yote, na jina langu, na kwamba nilimsingizia, na kwamba kwa kosa langu amekosa mkataba wa miaka miwili. Chini yake nikaandika kwamba mimi, Awa, jirani yake, namjua vizuri Leonel huyu kuwa mtu mwema.

Nikampa asome. Alisoma yote kidole kikifuata maneno, akafika mwisho, akanirudishia karatasi na kalamu.

"Hapa si kweli, mama," akasema. "Andika umeanza kunijua."

Nikakata, nikaandika.